Tusiwe masikio ya ziada

Ukipita mbele ya ubao wa matangazo wa kitivo wakati wa kuwasilisha mada, utaona vichwa vinavyofanana kama ndugu wa tumbo moja: uchanganyaji wa lugha katika mazungumzo ya WhatsApp ya vijana wa mtaa fulani, vifupisho katika jumbe za wanafunzi, heshima na matusi katika odio za wafanyabiashara wa soko fulani. Sizipingi mada hizo. Kiswahili cha Goma kinaishi kwenye simu kuliko kinavyoishi kwenye kitabu, na anayetaka kukisoma kikiwa hai ni lazima akifuate huko. Ninachouliza hakimo kwenye kichwa cha kazi yoyote: jumbe hizo zilitoka kwa nani, mwenyewe anajua kwamba zimechukuliwa, na zinalala wapi baada ya mwanafunzi kupata pointi zake?

Msimamo wangu ni huu, niuseme mapema ili msomaji asiutafute. Kitivo kisikubali tena kazi yoyote ambayo kopasi yake ni mazungumzo ya watu waliyoyafanya faragha, kama wenyewe hawakuombwa ruhusa. Na ile safu ya "lugha ya mama" ambayo tumezoea kuiweka kwenye viambatisho, pembeni ya umri na mtaa wa msemaji, iondolewe humo. Tunasema sana juu ya serikali na makampuni yanayotusikiliza. Sisi wenyewe tumejenga sehemu ndogo ya kazi hiyo, kwa mikono yetu, na tumeiweka kwenye rafu za maktaba.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na ya siri ya barua na mawasiliano yake yote. Kisha inaongeza kwamba haki hiyo haiguswi ila pale sheria inaporuhusu. Maneno hayo machache ya mwisho ndiyo mlango, na mlango umepitwa na wengi. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, jumbe fupi za simu zilikatwa nchi nzima. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga marekebisho ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ilifungwa tena kwa karibu wiki tatu. Mapema Februari 2025, X na TikTok zilizuiwa, na mji mzima ukajifunza VPN kwa usiku mmoja, pamoja na mama zetu. Kufunga si kusikiliza, najua. Lakini anayeweza kufunga bomba ndiye anayeshika bomba, na makampuni yanayofunga kwa barua moja kutoka Kinshasa ni yaleyale yanayohifadhi orodha ya nani alimpigia nani.

Halafu kulikuwa na RAM. Wanaokumbuka watacheka kwa uchungu. Mwaka 2020 tuliambiwa kwamba kila simu itaandikishwa kwa namba yake ya kiwandani, ili simu ya wizi ifungwe na ya bandia itambulike. Gharama ilikatwa kwenye yunite zetu kidogo kidogo. Mwanzoni mwa 2022, baada ya makelele mengi, ilifutwa. Hasira zote zilikuwa juu ya pesa, na zilikuwa za haki. Lakini sikumbuki kama tulisimama hata siku moja kuuliza daftari lenyewe lilikwenda wapi: daftari la simu zote za nchi, lenye namba zisizobadilika hata ukibadilisha kadi ya SIM. Pesa ilisimama kukatwa, nasi tukarudi kwenye mambo yetu.

Kesi iliyopaswa kusomwa kwa makini zaidi katika kitivo cha lugha ni ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera. Alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili. Jeune Afrique ilikuwa imechapisha makala juu ya kifo cha aliyekuwa waziri, Chérubin Okende, ikitegemea hati iliyosemekana kuwa ya idara ya ujasusi, ANR. Makala hayakuwa na jina la Bujakera. Simu zake na kompyuta yake zilichukuliwa, na upande wa mashtaka ukadai kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuisambaza hati ile, kwa kufuata nyayo zake kwenye Telegram. Watu wanaojua kazi ya programu hizo walipinga kwamba nyayo za namna hiyo zinaweza kufuatwa hivyo. Mwendesha mashtaka aliomba miaka 20. Machi 2024 mahakama ilitoa miezi 6, ambayo mshtakiwa alikuwa ameshaimaliza gerezani, na akatoka. Watu wa lugha tuna neno la kusema hapa, kwa sababu mzozo ulikuwa juu ya swali letu la zamani: nani msemaji? Aliyetunga, aliyepokea, au aliyepeleka mbele? Mwaka huohuo wa 2023, mwezi wa Machi, Kanuni ya Dijitali ilikuwa imetoka, nayo inamweka anayeanzisha habari ya uongo na anayeipeleka mbele kwenye kapu moja. Kila darasa letu la pragmatiki linafundisha kwamba kunukuu si kudai. Sheria imeamua vingine, na sijasikia mwalimu wa pragmatiki akiitwa kutoa maoni.

Kwa upande wa makampuni, watu wengi bado wanafikiri kwamba kusikilizwa ni mtu fulani amevaa vifaa vya masikioni, anafuata mazungumzo yako. Kazi hiyo ni ghali na inachosha. Rahisi zaidi ni kuchukua kile kinachozunguka mazungumzo: namba gani iliita namba gani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, ikiwa chini ya antena ipi. Juni 2014 kampuni ya Vodafone, ambayo Vodacom ni mtoto wake, ilitoa ripoti juu ya maombi ya serikali katika nchi inakofanya kazi. Kwa Tanzania peke yake, kwa mwaka mmoja, maombi ya taarifa za namna hiyo yalikuwa 98,765. WhatsApp inafunga maneno ya ujumbe tangu 2016 hivi kwamba hata yenyewe haiyasomi, na ni vizuri. Lakini bahasha haifungwi, na juu ya bahasha kuna majina. Hapa Goma, tangu benki zifunge milango Januari 2025, pesa yetu karibu yote inapita kwenye simu: ada ya masomo, dawa, mchango wa matanga, kilo mbili za maharagwe. Daftari la maisha ya mji halijawahi kuwa kamili kiasi hiki, na halijawahi kukaa mikononi mwa watu wachache kiasi hiki.

Nasikia jibu ambalo wenzangu hutoa wakati huu wa mjadala. Wanasema: waache wachukue, hawataelewa. Kiswahili chetu kinatuficha.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ni ukweli wa kiisimu. Yabacrane ya vijana wa Goma imeandikiwa na wanaisimu, Nico Nassenstein mmoja wao, na kila aliyeichunguza amegusa suala la kuficha: maneno yanageuzwa, yanazeeka haraka, yanaachwa mara tu mtu wa nje anapoyashika. Bukavu walikuwa na Indoubil zamani, ambayo Didier Goyvaerts aliiandika mwaka 1988. Na hata bila lugha ya vijana, watu wazima wa mji huu wanajua kuzungumza kando. Mtu wa Goma akikuuliza kwenye simu kama mvua inanyesha upande wenu, si kila mara anafikiria nguo zilizo kwenye kamba.

Lakini ficho hilo lina mashimo mawili. La kwanza ni kwamba msikilizaji wa hatari zaidi si mgeni. Ni mtu wa hapa, anayesema kama sisi. Kizuizini hakuna anayevunja siri za kompyuta. Mtu anaambiwa alete simu na aifungue. Na anayesoma anaelewa yote, pamoja na kile ambacho hukusema. Toka mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipoingia mjini... Nimeandika "ilipoingia". Kulikuwa na vitenzi vingine vinne au vitano vya tukio hilohilo, na kila msomaji wa Goma anaweza kuvitaja, na anaweza kusema ni nani anatumia kipi. Nimechagua kile chenye uzito mdogo. Mji mzima unafanya uchaguzi wa namna hii mara ishirini kwa siku, kwenye odio, kwenye maandishi, hata kwenye salamu za rambirambi. Tukitafuta mada ya isimujamii, hii hapa. Ila sijui ni nani angeweza kuiandika leo bila kumweka mtu hatarini, na hilo ndilo tatizo ninalolizungumzia.

Shimo la pili ni mashine. Katika orodha ya ISO 639-3 Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, na cha pwani kina yake, swh. Mashine nyingi zinajua swh tu. Zimefundishwa kwa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi. Zikikutana na "batu banakuya" zinafanya makisio. Wapo wanaoona huo ni ulinzi. Mimi naona ni hatari mara mbili zaidi, kwa sababu mashine isiyoelewa haikai kimya. Inatoa jibu hata hivyo, na jibu lake linaonekana safi. Oktoba 2017 mfanyakazi mmoja wa ujenzi, Mpalestina, aliweka kwenye Facebook picha yake akiegemea tingatinga, akaandika kwa Kiarabu maneno ya kuwatakia watu asubuhi njema. Tafsiri ya mashine kwa Kiebrania ikasema "washambulieni". Polisi wa Israeli walimkamata na kumhoji kwa saa kadhaa, kisha wakamwachia. Hakuna askari aliyejua Kiarabu aliyeulizwa kabla. Sasa chukua sentensi yetu. "Batu banakuya" ni wageni wa harusi, ni wakimbizi kutoka Masisi, ni wapiganaji, ni wanafunzi waliochelewa. Muktadha ndio unaoamua, na muktadha ndio kitu cha kwanza kupotea.

Hapa ndipo kazi yetu inapokuwa na pande mbili, na sitajifanya kwamba zinapatana. Tunalalamika, kwa haki, kwamba Kiswahili chetu hakimo kwenye mashine. Mwaka 2020, mradi wa kutafsiri habari za Covid-19 ulipoweka Kiswahili cha Kongo pembeni ya kile cha pwani, tulifurahi, na tulikuwa na sababu: mgonjwa wa Walikale ana haki ya kuelewa maneno ya daktari. Lakini lugha inayosomeka na mashine ya daktari inasomeka na mashine ya jasusi pia. Kila kopasi tunayoipanga vizuri, tukaiwekea tafsiri ya Kifaransa chini ya kila mstari na maelezo ya kila neno la mtaani, ni ufunguo. Johannes Fabian alionyesha katika kitabu chake cha 1986 jinsi miongozo na misamiati ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji ilivyokwenda sambamba na kuamuru wafanyakazi. Wale walioiandika hawakuwa wote watu wabaya. Baadhi yao walikuwa na bidii kama sisi tulivyo na bidii.

Nirudi basi kwenye rafu zetu. Kazi ya kawaida ya kitivo ina kiambatisho cha kurasa kumi hadi arobaini. Humo utakuta jumbe zilizonakiliwa zima zima, mara nyingine picha za skrini ambazo jina limefutwa kwa kalamu lakini picha ya mtu imebaki. Utakuta odio zimeandikwa neno kwa neno. Mbele ya hizo utakuta jedwali la watoa taarifa: umri, jinsia, kazi, mtaa, lugha ya mama. Kwa mwalimu wa isimujamii hizo ni vigezo. Katika Kivu Kaskazini, Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kitembo au Mashi katika safu moja, na jina la mtaa katika safu inayofuata, si vigezo tu. Hakuna haja ya kueleza zaidi kwa watu waliokulia hapa. Jedwali hilo linamwambia yeyote anayefungua kitabu kwamba mwanamke wa miaka 34, muuzaji wa samaki, wa mtaa fulani, wa lugha fulani, alimwambia rafiki yake hivi juu ya wenye silaha. Inahitajika dakika ngapi kumpata?

Mwalimu mmoja tunayemheshimu hujibu kwamba wenye nguvu hawahitaji kiambatisho cha mwanafunzi, kwani wana makampuni ya simu. Ni kweli kwamba hawakihitaji. Lakini yale wanayoyapata kwenye makampuni ni namba na saa. Kile kilicho kwetu ni maneno, yameshatafsiriwa, yameshaelezwa, na msemaji ameshawekwa kwenye kabila lake. Hakuna kampuni inayotoa huduma hiyo. Na ulinzi wetu ni upi? Kompyuta ya mwanafunzi, USB inayozunguka promosyo nzima, na nakala kwenye simu ya CP.

Desemba 2016, Tanzania, Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, na moja ya mambo yaliyomfikisha mahakamani ni kwamba hakukubali kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwake. Kesi zake zilimzungusha kwa miaka. Alikuwa na mawakili, alikuwa na jina, na dunia ilikuwa inatazama. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hana kimojawapo cha hivyo. Akiulizwa, atatoa. Simlaumu, nami ningetoa. Kwa hiyo njia pekee ya kumlinda yule muuzaji wa samaki ni kutokuwa na cha kutoa.

Wapo watakaosema kwamba nataka kuua isimu ya lugha hai, na kwamba tutabaki na Biblia, matangazo ya redio na methali za babu. Naelewa hofu hiyo, kwani mada yangu mwenyewe ni ya lugha ya mjini. Lakini ruhusa haiui kopasi. Inaipunguza, na inaibadilisha: mtu aliyekubali ataondoa mambo fulani, ataandika kwa uangalifu zaidi, na tutapoteza ule ubichi tunaoupenda. Hiyo ni hasara ya kweli. Naikubali. Kazi ambayo inahitaji ubichi uliochukuliwa kwa mlango wa nyuma inaweza kungoja miaka kumi, au isifanywe.

Ninachopendekeza kwa baraza la kitivo ni kidogo, na hakihitaji bajeti. Kabla mada haijakubaliwa, msimamizi aulize kwa maandishi: maneno ni ya nani, walikubali vipi, faili ziko wapi, na zitafutwa lini. Ruhusa iombwe kwa lugha ya mtoa taarifa, si kwa fomu ya Kifaransa ambayo anaitia sahihi kwa heshima tu. Mifano ya ndani ya maandishi ikatwe hadi sentensi inayotosha kuonyesha jambo. Anayechunguza kiambishi "ba-" hana haja na habari yote ya kifo cha mjomba wa mtu. Odio ikishanakiliwa, ifutwe, maana sauti ni uso. Lugha ya mama na mtaa visikae kwenye jedwali moja kamwe. Kama uchambuzi unavihitaji, vitolewe kwa jumla. Na asistenti wanaotukusanyia "data za mazoezi" kwa kuagiza promosyo nzima ilete mazungumzo matano matano kutoka simu zao, waache. Mwenye simu ni mmoja tu kati ya wale wawili waliozungumza.

Linabaki suala la kazi za zamani, na hapo sina jibu zuri. Zipo kwenye maktaba, zimejalidiwa, zina mihuri. Kuzichoma kunanichukiza, ni kumbukumbu ya mji, na mji huu umeshapoteza kumbukumbu nyingi kwa lava na kwa risasi. Nadhani viambatisho vinaweza kutenganishwa na vitabu, vikawekwa mahali pa kufungwa, na anayevihitaji akaandika barua kwa mkuu wa idara. Ni kazi ya wiki moja kwa wanafunzi kumi wenye mikasi na bahasha. Nimeshaongea na wenzangu sita ambao wako tayari kuanza, tukipewa ufunguo wa maktaba siku ya Jumamosi.